Foronya Isiyo na Upande wa Nyuma

Kwa miaka nilikana. Nilipoulizwa nilivyowaponyoka polisi wa Guangzhou, China, nilijibu nilijificha chooni. Mtu aliyesoma falsafa chuo kikuu akaishia kuuza mashuka hana heshima ya ziada ya kupotezea kwenye habari za mizimu. Lakini yalitokea, na sikuwa usingizini wala mgonjwa.

Msako wa viza ulikuwa umepamba moto, na yangu ilikuwa imekwisha muda. Magharibi moja nilikuwa natoka kununua vitambaa soko la Zhongda na Mama Neema, mfanyabiashara mwenzangu wa Mwanza. Tulipofika barabara ya Huanshi tukasikia polisi wakiita, "Huzhao! Huzhao!" Wanataka pasipoti. Mama Neema, ambaye karatasi zake zilikuwa safi, akanisukuma. "Kimbia, Profesa! Falsafa haina viza!"

Nikaingia jengo la kwanza, nikapanda ngazi zisizo na taa. Kwenye kona aliketi mwanamke mtu mzima, foronya magotini, anatarizi. Gizani! Wewe ungefanya nini? Mimi, mchuuzi, niligeuza kitambaa kwa mwanga wa simu nikague mafundo ya uzi upande wa nyuma. Hayakuwapo. Makomamanga mekundu yalikuwa yaleyale pande zote mbili.

"Ya binti yangu, yuko Sfax, Tunisia," alisema kwa Kiingereza cha sokoni. "Bibi harusi anatakiwa awe na jozi. Moja anayo. Shika huku, dada, nimalizie jani."

Nikashika. Polisi wakapanda. Tochi ikanimulika usoni, ikapita kana kwamba inamulika ukuta. Askari alikuwa karibu kiasi cha kumsikia akihema. Wakashuka.

Mwanamke akakata uzi kwa meno, akanipa foronya, akanitajia namba ya simu. "Mfikishie." Nilipomaliza kuihifadhi namba na kuinua macho, ngazi ilikuwa tupu.

Niamini, vidole vilivyoshika ule upindo huwa baridi mpaka leo, hata Januari, Dar es Salaam. Nawe ukimkuta mtu anatarizi gizani, msaidie amalize, ila kazi yake usiikague. Na akikupa namba, piga ukiwa umekaa.

Mimi nilipiga asubuhi, nimesimama. Binti alinisikiliza, kisha akauliza kama kuna jani lililobaki.

"Hakuna. Yote yamekamilika."



"Mama alifia hukohuko Guangzhou, jani moja likiwa bado," alisema. "Wenzake walimzika na foronya hiyo, chini ya kichwa."

Nikakaa sakafuni.

"Itume kwa ndege, dada," akasema. "Harusi ni mwezi ujao."