Kipembe cha Mkunga na Vitovu Vinne

Kwa miaka thelathini na moja Mkunga alisikiliza matumbo ya wanawake kwa kipembe cha mbao cha kupimia mapigo ya mtoto, na alipostaafu alikwenda nacho nyumbani. Wodi nzima ilijua na hakuna aliyeuliza. Wenzake walidhani atafuga kuku, au atazungukia nyumba za wanawe akikosoa wanavyowaogesha wajukuu. Yeye alianza kujenga gari.

Sababu alinieleza kwa ufupi. Alipelekwa kuzalisha kwa kila kitu chenye magurudumu: lori la makaa, gari la polisi, mara moja toroli, na siku zote alikaa kama abiria, mkoba magotini, akiangalia kisogo cha mtu mwingine. Hakuwahi kushika usukani hata siku moja. Sasa alitaka kuushika, tena wa gari ambalo hakuna mtu mwingine angeweza kudai ni lake.

Alilijenga kwenye chumba cha uani, kuanzia fremu ya mabomba aliyoichomelea mwenyewe akiwa amevaa aproni ya hospitali. Injini, ambayo hukaa nyuma na kusukuma magurudumu ya nyuma, ilitoka kwenye gari lililogonga nguzo. Viti viwili vilitoka kwenye jumba la sinema lililofungwa, na kimoja bado kina namba yake, J kumi na nne. Kabla ya gari, chumba hicho kilikuwa na meza ya kuchezea mpira wa meza, na meza hiyo ilikuwa ya mumewe.

Mumewe alikuwa karani wa mahakama, mtu mpole na mwembamba, anayefuta miwani kabla ya kusema jambo zito. Kwa miaka miwili meza yake ilikaa imekunjwa nyuma ya kabati la nguo, naye akawa anacheza na ukuta wa chumba cha kulala. Ukuta ulikuwa unamshinda.

"Mwaka wa pili huu, mke wangu," alisema asubuhi moja. "Hata ndovu angekuwa amekwisha kuzaa."

"Ndovu hafungi breki," mkewe alimjibu.

Uvumilivu wa Karani uliisha siku walipolisukuma gari uani kwa majaribio. Mkunga alikuwa ametumia habu, vile vyuma vya katikati ya gurudumu, za aina ya zamani ambazo beringi zake hukaa huru ndani; unazijaza grisi kwa kidole, kisha unakaza nati mpaka uhisi inatosha. Mkunga alihisi inatosha. Gurudumu la mbele kushoto lilihisi vingine. Lilichomoka, likapita getini, likavuka barabara na kuingia saluni ya wifi yake, yaani dada wa Karani, likazunguka kiti kimoja na kulala miguuni pa mteja mwenye dawa kichwani.

"Karibu," wifi aliliambia gurudumu. Kisha akapaza sauti kuelekea ng'ambo: "Kaka, mkeo ameanza kututumia gari kwa vipande."

Mchana ule ule Karani alifuta miwani, akakaa mbele ya mashine yake ya kupigia chapa na kuandaa mkataba. Chombo kinachojulikana kama gari kitazunguka mtaa mara moja, kwa nguvu zake chenyewe, kabla ya saa sita kamili mchana siku ya Jumamosi, mke akiwa kwenye usukani na mume kando yake akiwa shahidi. Kikishindwa, kitavunjwa, na meza itarudi mahali pake. Wote wawili walitia saini, na mkataba ukabandikwa kwenye mlango wa friji.

Jumatano Mkunga alikwenda duka la spea, kipembe kikiwa kwenye mkoba.

"Naomba vitovu vinne," alisema.

Mwenye duka, ambaye wateja wake humwita Bosi Spea, ni mtu wa kifua kipana anayependa kuogopwa kidogo. Alimtazama kwa huruma. "Mama, hospitali iko kona ya pili."

"Vitovu vya magurudumu, mwanangu. Ninyi mnaviitaje?"

"Habu."

"Kwani kitovu kilikuwa na kosa gani?"

Bosi Spea aliangalia rafu zake. Jibu hata mimi sina. Lugha nyingine nilizopitia zina neno kavu la kiwandani kwa kitu hiki, na sisi tunalo neno la mwili, lakini madukani tunaona haya kulitumia.

Mkunga alieleza anachotaka. Alitaka zile ambazo habu na beringi ni kitu kimoja, kimeshafungwa kiwandani, hakuna kujaza grisi. "Unaifunga kwa bolti nne, ikichoka unaifungua kwa bolti nne. Mambo ya kuhisi nimeacha. Yameshafika saluni." Akatoa kipande cha boksi alichokitoboa matundu matano kufuata ringi zake, ili asiuziwe zenye stadi nne, zile skrubu za kukamatia ringi.

Bosi Spea alipanga kaunta nzima. Kulikuwa na mpya ndani ya maboksi yanayometameta, mpya ndani ya maboksi ya kawaida, na zilizotumika, zilizotolewa kwenye magari yaliyovunjwa na kufutwa kwa dizeli. Baadhi zilikuwa na meno ndani ya tundu la katikati, nyingine tundu lake lilikuwa laini.

Nimeona watu wakichagua vitu katika miji mingi. Nimemwona mtu akinusa farasi na mwingine akiuma kifungo cha koti. Lakini sijaona mtu akichagua kama Mkunga. Aliweka mdomo mpana wa kipembe kwenye beringi, akaweka sikio upande wa pili, akazungusha habu kwa kidole kimoja, macho ameyafumba. Dereva wa lori aliyekuwa anagombania nati aliiweka chini akatazama.

"Huyu anakoroma," alisema, akaisogeza kando. Akachukua inayometameta. "Huyu ana mchanga kifuani. Mmempaka rangi tu." Ya tatu ilimkunjisha uso. "Huyu atanilaza macho." Alipofika kwenye zilizotumika, alisikiliza moja kwa muda mrefu, akatabasamu. "Huyu amelala. Mtieni upande huu."

Alipata nne zilizolala, zote za tundu laini.

"Mama," alisema Bosi Spea, "gari lako linasukumwa na magurudumu ya wapi?"

"Ya nyuma."

"Basi za nyuma chukua zenye meno. Shafti ndiyo ina—"

"Mwanangu, nimepokea watoto maelfu. Hakuna aliyekuja na meno nikafurahi." Alishusha miwani na kumtazama vizuri. "Halafu uso huu naujua. Mwaka wa mafuriko. Wewe ndiye uliyetanguliza matako."

Dereva wa lori alikohoa. Bosi Spea akashika kaunta.

"Hayo tuyaache, mama. Nasema za nyuma—"

"Uligoma tangu saa saba na nusu. Mama yako alishika kitanda, mimi nikashika—"

"Zote nne bila meno," alisema Bosi Spea. "Naweka kwenye boksi sasa hivi."

Alijaribu tena alipokuwa anafunga kamba, akasikia "mguu wa kushoto ndio uliotangulia," akafunga fundo mara tatu na kumsukumia boksi. Kwa wakati huo dereva wa lori alikuwa ameshasogea na beringi yake mkononi, anaomba naye apimiwe. Nyuma yake walisimama wanaume wengine watatu.

"Wa kwanza nani?" aliuliza Mkunga. Akamwambia dereva: "Vuta pumzi kama kawaida. Sikupimi wewe."

Jumamosi asubuhi habu zote nne zilikaa mahali pake kama zimezaliwa hapo. Magurudumu yalizunguka bila sauti. Zilibaki shafti mbili za nyuma, vile vyuma vinavyopeleka nguvu ya injini magurudumuni, na ncha zake zilikuwa na meno, kitu ambacho Mkunga siku zote alidhani ni cha kukamatia nati. Alizipitisha kwenye matundu, akakaza nati, akaita shahidi. Karani aliketi J kumi na nne akiwa na kibao chake cha mpira wa meza mapajani, labda kwa bahati njema.

Injini iliunguruma vizuri. Mkunga aliingiza gia na kuachia klachi. Gari lilishtuka mara moja, kisha likatulia. Nyuma yao shafti zilikuwa zinazunguka ndani ya matundu laini kama kijiko kwenye kikombe cha chai, na magurudumu hayakuhusika.

Karani alitazama saa yake. "Saa tano na robo."

"Mkataba unasema saa sita."

"Unasema hivyo." Akashuka taratibu, akaenda kuitoa meza yake nyuma ya kabati, na kuiburuta mpaka uani. Mkunga alibaki ameushika usukani kwa mikono miwili. Alionekana kama mtu aliyekaa muda mrefu kwenye kiti cha mwenzake na sasa mwenyewe amerudi.

Hapo ndipo pikipiki ilipoingia getini. Bosi Spea alikuwa amebeba kiroba begani, na alianza kusema kabla hajashuka.

"Nimemuuliza mama yangu. Anasema mimi nilitanguliza kichwa. Anasema wewe mwaka ule ulikuwa likizo. Aliyetanguliza matako ni binamu yangu, yule wa benki."

Mkunga alifikiri. "Wa benki. Mwenye masikio makubwa?"

"Huyo huyo."

"Basi nisamehe, mwanangu. Nyuso hunichanganya. Mimi ni mtu wa kusikiliza."

"Sasa nisikilize," alisema Bosi Spea, kwa sauti ya mtu aliyerudishiwa jina lake, akamwaga kiroba juu ya meza ya Karani. Zilitoka habu mbili zenye meno. "Meno ndiyo yanayoshika shafti. Bila meno gari haling'ati kitu."

"Mbona hukusema dukani?"

"Ulikuwa umeshafika mguu wa kushoto."

Mkunga alichukua kipembe, akasikiliza zote mbili, akaridhika. Kilichofuata ndicho kilichomfanya atake za bolti tangu mwanzo. Waliinua gari, wakatoa magurudumu ya nyuma, wakafungua bolti nne huku na bolti nne kule. Karani alisimama akitazama, halafu, kwa kuwa bolti zilikuwa zinabiringika mchangani na yeye hapendi vitu vipotee, alinyoosha kibao chake na kuzipokea juu yake, moja moja, kama sinia.

"Unausaidia upande wa pili," mkewe alimwambia kutoka chini ya gari.

"Natunza vielelezo," alisema.

Saa sita kasoro dakika nne gari lilitoka getini. Lilipita saluni, na wifi akatoka nje pamoja na wateja wawili wenye dawa vichwani. "Leo limekuja zima," alisema. Lilikata kona ya kwanza, ya pili, likapunguza mwendo kwa ajili ya mbuzi, likakata ya tatu. Magurudumu hayakutoa sauti yoyote. Mkunga aliendesha mgongo ukiwa wima, macho mbele, na hakuna kisogo cha mtu kilichokuwa mbele yake.

Walipokata kona ya mwisho Karani alitazama saa. Mshale mrefu ulikuwa umeshapita alama ya saa kamili, si kwa mengi. Bosi Spea, aliyekuwa anawasubiri getini, naye alitazama yake, akaamua kuangalia mbali.

Gari lilisimama. Karani alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaendelea kuifuta, kisha akaitazama saa bila kuvaa miwani.

"Kwa macho yangu," alisema shahidi, "ni saa sita kamili."

Mkunga alimtazama, akaingiza gia tena.

"Mkataba ulisema mara moja," Karani alimkumbusha.

"Nausikia," alisema, na wakapita meza ya mpira uani wakielekea getini kwa mzunguko wa pili.