Bahari ya Mabibi

Bu Malsun alikuwa na miaka hamsini na minane, na hakuna mwanamke mpiga mbizi kisiwani aliyemshinda pumzi. Lakini pumzi ingemsaidia nini? Miamba ya kina kirefu ilishakuwa myeupe kama mifupa. Mwani ulikuwa umekufa, na konokono wa baharini wa kuuza wamekwisha. Serikali ilipotangaza kozi ya kuwafundisha wapiga mbizi kazi mpya ya kulinda bahari, kwa mshahara wa kila mwezi, alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Kijiji kilipewa nafasi moja tu. Akiikosa, angelazimika kuhamia Busan akaoshe vyombo kwenye mgahawa wa dada yake.

Alikaa darasani miezi mitatu. Alijifunza kupiga picha chini ya maji na kuandika majina ya mwani ambayo hakuna mtu kijijini aliyewahi kuyatamka. Wenzake walimkejeli wakiota moto baada ya kuzamia.

"Profesa, konokono huyu naye ana shahada?"

"Anayo. Asiyekuwa nayo ni wewe."

Siku ya mtihani, Mwalimu Seok, kijana wa bara, alitandaza kamba ya mita hamsini chini ya maji. Kila mwanafunzi angehesabu viumbe walio kando ya kamba. Kwa ajili ya usalama aliitandaza karibu na ufuko. Malsun alipoona maboya ya ile kamba yalipo, akagoma.

"Mwalimu, hapo ni pa mabibi."

"Mabibi gani tena?"

"Wenye miaka themanini, wasioweza kufika mbali. Sisi wenye nguvu hatuzami hapo mpaka wao waturuhusu."

"Mama, unahesabu tu. Huchukui kitu."

"Nihamishie kamba kule nje."

"Imeshafungwa. Watu kumi wanasubiri, mama yangu. Unazama au huzami?"

Malsun aliogelea hadi miamba ya nje, akahesabu huko kwa nusu saa, akaandika alichokiona: konokono mmoja. Alipewa sifuri. Nafasi ikaenda kwa Yun Da-on, msichana aliyehamia kutoka Seoul miaka miwili iliyopita.

Mwezi wa nne matokeo ya hesabu yalitoka. Penye kamba palikuwa na konokono wengi kuliko pwani yote. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Maofisa walipazungushia maboya ya rangi ya chungwa na kupiga marufuku kuvua hapo kwa miaka mitano.

Asubuhi Malsun alipokuwa akienda kupanda meli ya Busan, alimkuta Da-on, ndani ya sare mpya, amemzuia Bibi Chunok, mmoja wa wale mabibi, ukingoni mwa maji.

"Samahani bibi, hapa hairuhusiwi."

"Nani kasema?"

"Ni kwa sababu ya ile hesabu, bibi."

"Hesabu inakula nini jioni?"

Bibi Chunok akamgeukia Malsun.

"Wewe ulikuwepo siku ile. Hukuwaambia pa nani hapa?"

"Niliwaambia, bibi. Ndiyo maana nikakataa kuzama."

"Ukakataa! Ukawaachia wageni wahesabu! Ungezama mwenyewe, mjinga wewe, ukaandika hakuna kitu."

Malsun aliweka begi chini, akamsaidia bibi kuvua suti ya mpira ya kuzamia. Ilikuwa bado kavu.