Nachenga Anamwamkia Mtoto

Isabela wa Kitangari alikuwa muuza mitumba katika soko la Newala, na wateja walipopungua alikaa juu ya gunia tupu akaandika. Ilikuwa miaka ile magazeti ya watu binafsi yalipoanza kumiminika, na moja la Dar es Salaam lilikuwa likiomba hadithi kwa wasomaji wake.

Hadithi ya Isabela ilimhusu Nachenga, mwanamke aliyeshuka bondeni kuchota maji, akasinzia ndani ya chemchemi, akaamka baada ya vizazi tisa. Alipoibuka, alimkuta hapo binti mdogo wa damu yake. Kalamu ikakwama. Amwiteje?

Wa kwanza kusomewa alikuwa Zena, aliyeuza nguo meza ya pili.

"'Njoo, mjukuu wa mjukuu wa mjukuu wa kitukuu changu,'" Isabela alisoma.

Zena aliweka chini gauni alilokuwa akilikunja. "Mama Maria, mimi nimeshapotea. Huyo bibi akimaliza kuita, mtoto kashafika kwao na ndoo yake."

Walicheka wote, lakini jambo lile lilimkera Isabela. Alijaribu kitukuu, karibu mno. Kilembwe, kilembwekeza, bado vizazi havikutosha, na zaidi ya hapo hakujua neno. Akabuni maneno ya kwake, kisha akayafuta yote. Yalisikika kama majina ya dawa za mikorosho.

Jumapili moja mama mkwe wake, Bibi Dorika, alikuwa akimenya mihogo uani. Mtoto wa Isabela, Maria, ambaye alirithi jina la mama mzazi wa bibi huyo, akapita na kata ya maji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mama. Hebu nipe na mimi ninywe, mama yangu."

Isabela alikuwa akilisikia neno hilo tangu mtoto azaliwe. Siku hiyo aliuacha mwiko chunguni akakimbilia kalamu. Ugali uliungua. Katika karatasi, Nachenga alimwuliza binti jina lake, na binti akataja jina la mama yake Nachenga mwenyewe. Basi yule bibi wa vizazi tisa akapiga magoti kwenye tope, akasema: "Shikamoo, mama."

Gazeti liliichapa vilevile, na jina la Isabela juu yake. Zena aliwasomea wateja kwa sauti mpaka akakauka koo. Wanawake wa kijiji cha Chilangala walikuja kutafuta vitenge, wakaishia kuuliza, "Yuko wapi huyo aliyeandika?"

Bibi Dorika hakujua kusoma. Aliomba aonyeshwe mahali penyewe pa ile shikamoo, akapagusa kwa kidole. Jumapili iliyofuata akaenda na gazeti kanisani, na kila aliyemsalimu alifunuliwa ukurasa ule.

"Kaandika mkamwana wangu," alisema. "Mkamwana wangu mimi."

Isabela alikuwa nyuma yake, amemshika Maria mkono. Watu waligeuka kumtazama. Hakuinamisha kichwa, aliwaacha wamtazame mpaka waridhike.