Mwizi wa Mke Wangu Anasema Kikatalani

Wenzangu mliokimbia mchakamchaka alfajiri, umande miguuni na wimbo kooni, mtanielewa haraka. Vijana wa siku hizi, wanaopanda gari kwenda kufanya mazoezi ya kukimbia, wasome polepole.

Kasulu, nilikokulia, tulikosa kila kitu isipokuwa michezo. Tulicheza kombolela mpaka mama zetu waite kwa hasira. Mvua ikikatika tuliwafukuzia kumbikumbi, tukiwala wengine wakiwa bado wanapiga mabawa. Shule niliiacha darasa la tano. Fimbo za mwalimu wa hesabu niliona zinanitosha. Lakini kwa babu yangu nilisoma somo ambalo leo halina mwalimu, nalo ni utani.

Babu alikuwa mfuga nyuki, mkono mmoja umevimba daima. Nikitokeza tu uani, anapaza sauti: "Huyo mwizi wa mke wangu kaja! Bibi, funga mlango, mwanamume mwenzangu anataka kukuposa!" Nami, mtoto wa miaka mitano, kamasi mdomoni, namjibu: "Babu wewe mzee, huna meno. Bibi ananitaka mimi!" Bibi anashika mbavu kwa kicheko, ananikwangulia ukoko wa ugali, na babu anajifanya kulia. Ndivyo tulivyopendana, kwa matusi.

Siku tulipomzika nilikuwa kijana tayari. Bibi alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu msiba uanze. Nikasimama mbele ya watu nikasema, "Haya, mzee kashindwa. Mke sasa ni wangu peke yangu." Uwanja mzima ulicheka huku unalia, na bibi akaomba uji. Tangu siku ile najua kwamba mtu asiye na mjukuu wa kumtania atazikwa kama mgeni.

Sasa niacheni nijisifu kidogo, maana nisipojisifu mimi nitamsubiri nani? Niliingia Johannesburg na begi moja lililokatika mkanda. Leo nina karakana yangu ya vyuma Jeppestown, na mageti yangu yamefungwa kwenye nyumba za matajiri wa Sandton ambazo mwenyewe ukitaka kumwona lazima kwanza uongee na ukuta. Nina nyumba mtaa wa La Rochelle, humuhumu mjini, nilipoanza kwa kupanga chumba kisicho na dirisha. Na lugha? Kiha, Kiswahili, Kizulu, Kiingereza cha kugombania kazi, Kifaransa cha mafundi wangu Wakongo, na Kireno kidogo cha wenye maduka. Zote nimezipata barabarani, bila darasa hata moja.

Binti yangu wa pekee, Zawadi, alizaliwa hapa. Nilimpeleka shule ya Kiingereza nikatamba mtaa mzima. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu, "Sharp, Baba," yaani sawa, mimi nacheka, naona ndiyo maendeleo. Baadaye akaolewa na kijana mpole anaitwa Jordi, wakahamia kwao karibu na Girona, Hispania. Huko watu wana lugha yao, Kikatalani. Ukiiita Kihispania wananuna. Mtoto wao, Pau, ana miaka mitano na anasema hiyo tu. Nilipomuuliza Zawadi kwa nini hakumfundisha Kiswahili, alisema, "Baba, changu ni vipande vipande. Niliogopa kumpa kitu kilichovunjika." Aliyekivunja si mimi?

Kila Jumapili mchana tunapigiana simu ya video. Mke wangu, Mama Zawadi, anawika kama jogoo, Pau anaanguka kwa kicheko. Mimi nikitokeza uso, ananiangalia kama askari wa barabarani, kisha anakimbia. Kweli kabisa, mke nimeibiwa, na mwizi hajui hata kwamba tunashindana! Zawadi akajitolea kunitafsiria. Nikakataa. Utani uliotafsiriwa ni chakula kilichotafunwa na mwingine.

Basi nikasema Kikatalani nitakimaliza kwa mwezi. Mimi! Nikapakua masomo kwenye simu, nikaanza kuandika kwa chaki yangu ya kuchorea vyuma. Kumbe huko kila kitu ni dume au jike. Nyundo ni dume, *el martell*. Mlango ni jike, *la porta*. Nikakiandikia kila kifaa jinsia yake, karakana ikawa kama sensa. Sisi mtenda tunamtanguliza: ninasema, unasema, anasema. Wao wanamficha mkiani: *parlo*, *parles*, *parla*. Ukizoea kufungua geti kwa mbele, utahangaika sana kutafuta bawaba nyuma.

Matamshi ndiyo yalinitoa jasho. *Ny* ni ileile ya nyanya yetu, nikashangilia. *X* ya *xocolata* ni sh, nikashangilia tena. Ila *v* wanaitamka b, *ll* ni kama ly, lakini ulimi uulaze wote. Halafu *a* na *e* zisizokaziwa wanazimeza, mdomo nusu wazi, kama mtu aliyeshtuliwa akitaka kupiga chafya. Na *r* ya mwisho wa kitenzi unaiandika lakini huitamki. *Parlar* unasema "parlá" tu.

Patient, fundi wangu kutoka Bukavu, aliweka chini mashine ya kuchomelea akaniangalia kwa huruma. "Vieux, mzee wangu, unaandika R na hauisemi? Basi uliiandikia nini? Chaki haiokotwe mu barabara!"

"Chomelea wewe," nikamwambia. "Mimi napigania ndoa yangu."

"Eish! Na mtoto wa miaka tano?"

"Huyohuyo ndiye mbaya wangu!"

Wiki ya mwisho sikutulia. Nilifunga bawaba za mteja upande usio wake. Kwenye robot, yaani taa za barabarani, kijani kiliwaka nami bado nalaza ulimi, *lladre, lladre*, mpaka foleni yote ikanipigia honi. *Lladre* ni mwizi. Nilikuwa na sentensi moja tu, nikiogopa itanifia mdomoni.

Jumapili ikafika. Pau akamaliza kucheka na bibi yake. Nikainyakua simu kabla hajakimbia, nikamnyooshea kidole: "*Pau! Lladre! M'has robat la dona!*" Wewe mwizi, umeniibia mke!

Jordi akaacha kutafuna. Zawadi akashika kichwa. "Baba! Umemwita mtoto mwizi?"

Nikaona nimeharibu, kwamba kuanzia leo hata kuniangalia hataniangalia. Pau akamtazama mama yake, akanitazama mimi, akasogea mpaka simu nzima ikajaa pua.

"*L'àvia és meva*," akasema. Bibi ni wangu. Akavuta pumzi. "*I tu ets vell!*" Na wewe ni mzee!

Zawadi akafungua mdomo atafsiri. "Nyamaza!" nikamwambia. "Nimeelewa mwenyewe." Mama Zawadi alikuwa amejifunika kanga usoni, anatikisika. Mimi nikajifanya kulia kwa sauti kubwa, na mtoto akaruka juu ya kochi amekunja ngumi, akipiga kelele, "*Vine! Vine!*"

Njoo. Ananiita tupigane.

Enzi zetu babu alikuwa mbali nawe kiasi cha kurusha kiatu. Ukimtukana anakukimbiza, anakukamata, anakunyanyua juu, unasikia jasho lake na ugoro wake, na mchezo unaishia mgongoni mwake. Leo mtoto ananiita uwanjani na mimi niko La Rochelle, kwenye kiti cha plastiki, nimekunja ngumi mbele ya kioo cha simu, sijui pa kuipeleka.