Kijiti Hakiruki

Harufu ya makumbi yaliyofukuliwa matopeni haijanitoka puani mpaka leo. Asiyekulia pwani huenda asiielewe. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye tope miezi kadhaa mpaka yalainike, kisha kina mama huyafukua, wakayaponda kwa magongo na kupata usumba wa kusokotea kamba. Mgeni akipita karibu huziba pua na kuharakisha hatua. Mimi nikiinusa huwa nasimama kidogo na kucheka peke yangu, kwa sababu jamvi tulilochezea kriketi nilipokuwa darasa la sita lilishonwa kwa kamba za usumba, na likipigwa na manyunyu kidogo tu lilinuka uwanja mzima. Harufu hiyo kwangu ni ya ushindi, ingawa kabla ya kuwa ya ushindi ilikuwa ya aibu.

Kriketi ilitufikia ndani ya mfuko wa turubai. Mkufunzi mmoja wa michezo kutoka Dar es Salaam aliuleta shuleni kwetu, kusini mwa mji wa Bagamoyo, kwenye njia ya Mbegani, akautua mezani kwa Mwalimu Pili, mwalimu wetu wa michezo. Ndani mlikuwa na magongo mawili, vijiti sita, glovu zilizochanika, na mipira minne ya ngozi migumu kama kokwa za embe. Mfuko ulikuwa mmoja na shule zilikuwa mbili, yetu na nyingine ya Lugoba, kule kwenye barabara kuu ya Segera. Mkufunzi akaamua tuutumie kwa zamu, kisha wasichana wa shule hizo mbili wacheze mara mbili, kwanza kwao halafu kwetu. Atakayeshinda mchezo wa pili angebaki na mfuko moja kwa moja. Atakayeshindwa angerudi kwenye netiboli yake, na netiboli yenyewe sisi tulikuwa na mpira mmoja uliojaa viraka.

Mchezo wenyewe tuliuelewa upesi kuliko walimu wetu. Vijiti vitatu vinasimamishwa upande huu wa jamvi na vitatu upande ule. Mmoja anarusha mpira, mwenzake wa timu ya pili anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kutoka vijiti hivi mpaka vile, na kila akifika ni mkimbio mmoja. Wale wa uwanjani wakiudaka mpira kabla haujagusa chini, mpigaji ametoka. Wakiuokota na kuangusha vijiti kabla mkimbiaji hajafika, naye pia ametoka. Kilichokosekana kilikuwa jamvi, maana kwenye mchanga wetu mpira ulikuwa ukidunda mara moja na kulala. Jamvi hilo tulishonewa na Bi Mwanaidi wa Mlingotini, mponda makumbi, yeye na shoga zake wawili, kwa wiki nzima. Hakutaka chochote. Alisema tu kwamba binti yake, Tausi, anapenda kucheza.

Nahodha nilikuwa mimi, Rahma binti wa muuza duka la misumari na rangi, na nilichaguliwa kwa sauti yangu. Nikiita mtu aliyekuwa kisimani, aliyekuwa sokoni aliitika. Basi nikaona unahodha ndiyo kazi niliyozaliwa nayo. Nilirusha mpira wa kwanza mimi, nilipiga wa kwanza mimi, na mwenzangu akifungua mdomo kutoa shauri nilimkata kwa methali, kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Methali hiyo niliisema mara nyingi sana msimu ule. Haikunipitikia akilini kwamba hata nahodha mmoja anaweza kukipeleka chombo mrama, tena vizuri tu.

Tulikwenda Lugoba na jamvi letu na tukaaibika. Lazima nieleze namna tulivyoaibika, kwa sababu sidhani kama kuna timu nyingine duniani iliyowahi kushindwa hivyo. Wasichana wote wa timu yetu tulikulia kwenye rede. Katika rede, wawili husimama pande mbili na kurushiana mpira wa mifuko ya plastiki uliofungwa kamba, na aliye katikati huukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Ukiguswa na mpira, umetoka. Tangu tukiwa na miaka mitano, mwili ulikuwa umejifunza jambo moja: mpira ukija, hama. Sasa mpigaji wa Lugoba akapiga, mpira ukamwendea Tausi, na Tausi akapinda kiuno, akainua mguu mmoja, akaupisha kwa madaha. Aliukwepa vizuri sana. Akafuata Mwajuma, naye akaupisha. Ukafuata mwingine na mwingine, timu nzima tukikwepa mpira tuliotakiwa kuudaka, na watu wa Lugoba pembeni ya uwanja wakicheka mpaka wakakaa chini.

Mimi nami nilikwepa miwili, lakini hilo sikulihesabu. Nilichokiona ni Tausi, kwa sababu yeye ndiye aliyeanza. Mchezo ulipokwisha, nikamwambia mbele ya timu zote mbili, kwa ile sauti yangu ya sokoni:

"Mwoga wewe. Rudi kwenu ukaponde makumbi."

Tulikuwa tumesimama juu ya jamvi la mama yake. Tausi alilitazama jamvi, akashuka pembeni kwa adabu kama mtu anayeshuka mkekani pa wenyewe, akaenda kukaa ndani ya gari lililotuleta. Kesho yake hakuja mazoezini, wala siku zilizofuata, na wasichana wenzangu wakaacha kuniitikia. Jamvi tulikuwa bado nalo, lakini hakuna aliyetaka kulikunjua.

Mama yangu alipata habari kabla sijamaliza kufikiria namna ya kuzificha. Bagamoyo habari hazipandi gari, zinafika kabla yako. Hakunipiga wala hakupandisha sauti. Aliniuliza kama nakumbuka maneno niliyoyasema, nikamwambia nayakumbuka. Akaniuliza walikuwapo watu wangapi. Kisha akaniambia, "Umemtukana mbele za watu, utamwomba radhi mbele za watu. Ya uchochoroni haitoshi, mwanangu." Jumamosi asubuhi akanifunga mtandio na kunipeleka Mlingotini.

Tulimkuta Bi Mwanaidi kazini, ameketi juu ya gogo, anaponda. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba bila kusimamisha gongo. Nyuma ya nyumba wasichana wa mtaa walikuwa wanacheza rede, na Tausi alikuwa mrushaji. Nikasimama katikati yao, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa mama yake kwamba nimemkosea Tausi, nimeikosea kazi ya mama yake, na kwamba mwoga uwanjani nilikuwa mimi, niliyekwepa mipira yangu nikamtupia mwenzangu lawama. Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Gongo la Bi Mwanaidi lilinyamaza. Tausi akaugeuzageuza mpira mkononi, akaniambia kwa upole, "Umeshasimama katikati. Haya, jaza chupa."

Nilicheza rede asubuhi ile yote na sikuwahi kujaza chupa hata nusu. Tausi alinipiga kifundo cha mguu wa kushoto. Nikakimbia, akanipiga kifundo kilekile. Nikaruka, akasubiri nishuke, akanipiga palepale. Mpira wa mifuko hauumizi, lakini baada ya mara ya saba nikaacha kucheka na kuanza kumtazama mkono. Nikamuuliza kama anaweza kupiga vijiti vya kriketi akiwa mbali. Akanitazama kama niliyeuliza swali la mtoto mdogo.

"Kijiti hakiruki," akasema. "Mtu ndiye anaruka."

Nilirudi Bagamoyo nikiwa na mpango na aibu vyote pamoja. Jumatatu nikaomba radhi tena mbele ya timu, kisha nikafanya jambo lililonigharimu kuliko kuomba radhi: nikauliza kila mmoja anachokiweza. Mwajuma akasema yeye anaweza kurusha mpira wa kwanza kuliko mimi, na ilikuwa kweli. Mimi nikajipangia mahali ambapo hakuna aliyepataka, nyuma kabisa ya Tausi. Tausi mwenyewe alikuwa amejaribu kujilazimisha kudaka, lakini mwili ulikataa, kila mara kiuno kilipinda chenyewe. Nikamwambia asihangaike. "Wewe rusha," nilimwambia. "Utakaoukwepa ni wangu." Wiki tatu nzima nikarushiwa mipira nyuma ya shule mpaka viganja vikavimba.

Siku ya Lugoba kuja kwetu, mvua ilinyesha alfajiri, na jamvi lilinuka makumbi mpaka wageni wakafunika pua kwa mitandio. Sisi tulivuta pumzi. Tulitangulia kupiga tukapata mikimbio arobaini na mmoja, si mingi. Wao wakaanza kwa kicheko, wakisubiri tukwepe, na walipofika thelathini na tisa bila kumpoteza mtu hata mmoja, Mwalimu Pili akaanza kutafuna ncha ya mtandio wake. Kisha mmoja wao akaupiga mpira upande wa Tausi na kukimbia kwa raha zake. Tausi aliuokota, na kabla sijamwambia kitu vijiti vilikuwa chini. Wa pili alikimbia kwa kasi zaidi, akatoka vilevile. Wa tatu alikuwa amebakiza hatua moja tu. Baada ya hapo wakaacha kukimbia. Naliona mpaka leo: mpigaji anaupiga mpira vizuri kabisa, anamtazama Tausi, Tausi anamtazama mguu, na mpigaji anabaki palepale. Mipira ambayo kila timu ilipangiwa kurushiwa ikawa inawaishia na mikimbio haiongezeki.

Mwisho wakabakiwa na mpira mmoja tu na mpigaji wao bora, msichana mrefu aliyetuchapa kule kwao, na walihitaji mikimbio mitatu. Kwa kuwa kukimbia hakukuwezekana, akaamua kuupiga mpira uvuke uwanja, maana ukivuka hewani unahesabiwa mikimbio sita bila mtu kukimbia. Aliupiga kwa nguvu zake zote, ukaenda moja kwa moja kifuani kwa Tausi. Tausi akapinda kiuno, akainua mguu, akaupisha kwa yale madaha yake ya Lugoba, na sauti ya kicheko cha wageni ilikuwa imeshaanza nilipouona mpira ukinijia usoni. Mwili wangu nao ulitaka kuhama. Nilikataa. Uliingia mikononi, ukanipinda kidole cha kati, nikaanguka nao kifudifudi na sikuuachia. Nilipoinua kichwa, Tausi alikuwa juu yangu, Bi Mwanaidi alikuwa ameingia uwanjani akipiga vigelegele, na mfuko wa turubai ulikuwa wetu.

Sasa duka la baba naliendesha mimi, lina wafanyakazi sita, na sauti yangu bado inafika sokoni. Siku hizi mfanyakazi akikosea mbele ya mteja, ulimi huniwasha, lakini nakitazama kidole changu kilichopinda, namwita stoo na kumuuliza anachokiweza. Si kila mara nafaulu. Uwanja wa shule una jamvi la plastiki la kijani lisilonuka chochote, watoto wana kofia ngumu na glovu nzima, na wanadaka kwa ustadi ambao sisi hatukuwa nao hata kwa ndoto. Nafurahi wanavyo, ingawa pua yangu huwa inatafuta kitu pale na haikipati.

Anayewafundisha ni Tausi. Kabla ya kugusa gongo huwachezesha rede nusu saa, na wazazi wengine wamelalamika kwamba anawapotezea muda. Juzi nilipita kumpelekea rangi ya kuchorea mistari. Akaniona langoni, nimevaa baibui na viatu vya dukani, akawanyamazisha watoto na kunionyesha kwa kidole nafasi ya katikati, penye chupa. Niliweka kopo la rangi chini, nikaingia. Nimejifunza mengi katika miaka hii yote, nikadhani na kukwepa nimejifunza. Alinipiga kifundo cha mguu wa kushoto, palepale.