Aliyekuwa Chini ya Gundi

Ilianza Jumamosi, saa tisa na dakika kumi alasiri. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nimetoka kusoma ujumbe wa mama kwamba mvua imemzuia sokoni Kasulu. Usiponiamini sitakulaumu. Ila mimi darasani nikiulizwa jina tu naongea na dawati. Mtu kama mimi atapata wapi ujasiri wa kutunga uongo mkubwa hivi?

Nilikuwa sebuleni, hapa kwetu Rungwe Mpya, na picha moja ya rangi nyeusi na nyeupe. Mama yake bibi ameketi kwenye kigoda, amempakata bibi akiwa mchanga. Nakala nyingine hakuna. Walipokimbia kutoka Burundi, huyo mama aliibandika ndani ya kifuniko cha sanduku kwa selotepu pana, ikavuka mpaka hivyo hivyo. Selotepu ilishabanduka zamani, lakini gundi ilibaki, kahawia, inanata, imekusanya vumbi na nywele kuanzia magotini mwa yule mama hadi ukingo wa chini.

Jumatatu bibi alikuwa anakwenda Kibondo kutolewa mtoto wa jicho. Alikuwa ameniambia, "Wakinifungua bandeji, wa kwanza kumwona awe mama. Ila umwogeshe kwanza, ana matope." Tulicheka, lakini mimi nililichukua kama agizo.

Nikaanza na wembe. Nilikwangua pembeni, ikatoka alama nyeupe kama kovu. Nikauweka wembe chini. Nikakumbuka petroli ya pikipiki ya mjomba, si ndiyo watu wanatolea gundi kwenye ndoo mpya? Nikamimina kidogo kwenye kizibo cha soda, nikachovya kitambaa.

"Weka chini hiyo, mwana wanje. Utamfuta."

Mlangoni alisimama mwanamume, ameniita mwanangu kwa lugha ya bibi. Mwanga ulikuwa nyuma yake, kwa hiyo uso sikuuona. Niliona kofia pana, na bega la kushoto lililoshuka kana kwamba limezoea mkoba mzito.

"Mwidiwe," alisalimia.

Niliitikia kwa sauti ndogo. Wewe ungemfukuza mzee kwenye mvua? Nikamkaribisha kiti, akakataa. Hakuvuka kizingiti.

"Gundi yenye joto inapakaa," alisema. "Ikipoa inajikunja. Na picha ina ngozi laini juu, ukiilowesha inachubuka."

Akaniambia niitie kwenye mfuko mkavu wa nailoni, niufunge, niulaze juu ya dumu la maji baridi. Tukasubiri. Kisha nikaufuta mfuko, nikaitoa picha na kuchukua raba yangu ya shule, ile laini. Alitaka niijaribu kwanza kwenye kona isiyo na mtu, halafu nitoke ukingoni kuingia ndani, upande mmoja tu.

"Unabonyeza kama unatwanga muhogo! Mtoto wa nani wewe, mwenye mkono mzito hivi?"

"Mjukuu wa bibi Veronika."

"Na Kaneza yuko wapi?"

"Hapa hakuna Kaneza, babu. Yupo bibi tu, amelala."

"Muache alale. Ukimwamsha huyo, analia mpaka jioni."

Nikadhani amekosea nyumba. Nikaendelea. Gundi ilianza kujiviringisha kuwa vipunje vyeusi, nikawa navipeperusha kwa pumzi. Palipobaki kunata nilipitisha poda kidogo kwa pamba. Ikatokea miguu ya kigoda. Zikatokea nyasi. Kisha ukatokea weusi, nikajua nimeiharibu picha.

Kumbe ni kivuli. Mtu amesimama na jua mgongoni, viwiko juu, kofia pana, bega la kushoto limeshuka.

Niliinua kichwa. Mlangoni palikuwa na mvua tu. Kizingiti kikavu.

 Nilimpelekea bibi kitandani, nikamwekea picha karibu na uso. Kwa macho yake yale sura za watu ni ukungu mtupu, lakini weusi ule mkubwa aliuona.

"Nani huyu amesimama hapa chini?"

Nikamweleza yote. Nilipotaja Kaneza, aliziba mdomo kwa kitenge. "Baba ndiye aliyekuwa akiniita hivyo. Mama alinisimulia."

Baba yake alikuwa mpiga picha wa kutembea vijijini. Aliwapiga picha wote, hata hii aliipiga yeye, ila yeye hakuwa na wa kumpiga. Wao walikimbia akiwa safarini na kamera, hakuonekana tena. Bibi hakuwahi kujua hata umbo lake.

Alilia, halafu akacheka. "Kumbe hili bega langu bovu ni lake!"

Sasa bibi anaona vizuri. Bandeji ilipofunguliwa alitazama chini ya picha kwanza, mama yake akafuata. Mimi hadi leo harufu ya petroli inanitetemesha, na mvua ya alasiri ikinyesha mlango wetu haufungwi, bibi hataki. Nawe mwenye picha za zamani, nakusihi, usizikimbilie kwa wembe wala petroli. Hujui nani yumo chini ya uchafu. Na mtu akisimama mlangoni akakwambia subiri ipoe, subiri.

Ila kesho yake ya siku ile, Jumapili, bibi akiwa bado hajaenda Kibondo, jua lilitoka kabla ya kanisa. Nilimketisha bibi kwenye kigoda uani, nikalipa jua mgongo, nikainua simu kwa mikono miwili.

"Sogea wewe!" mama alipaza sauti kutoka jikoni. "Kivuli chako kinaingia!"

Sikusogea. Nikapiga.