Chumvi Niliyoifuta

Kwetu Langoni kitu chochote cha chuma hufutwa chumvi ya bahari kabla ya kushikwa. Baiskeli, redio, cherehani ya mama, vyote hupitishiwa kwanza kitambaa cha maji matamu. Nami, mhandisi wa ndege mwenye vyeti vyangu ukutani, ndivyo nilivyofanya siku ile uwanjani Manda.

Ndege ndogo ilikuwa imetua kwa kishindo Kiwayu asubuhi, ikafika Manda na mikunjo ubavuni. Kampuni niliyoifanyia kazi ilijua niko nyumbani likizo, ikanipigia simu: niikague, niseme kama yaweza kwenda Nairobi alasiri. Miongoni mwa abiria alikuwamo mama yangu, anakwenda kupasuliwa jicho.

Mikunjo peke yake haikunitisha. Bati la nje, tunaloliita ngozi, ni jembamba, na likibanwa sana hujikunja. Hapo mzigo huhamia kwenye stringa, vile vipande virefu vilivyofungwa upande wa ndani kwa ribiti, misumari mifupi ya kubania bati, pamoja na ukanda mdogo wa ngozi ulioshikana na kila stringa. Nikaufuta ubavu mzima mpaka ukang'aa, nikapima kina cha mikunjo, nikakaa kivulini na kikokotoo. Stringa zilikuwa na nguvu ya kutosha, na akiba juu yake. Nikatoa kalamu nitie sahihi, nimejaa furaha ya mtoto aliyepata hesabu zote. Mama alikuwa keshaketi kwenye benchi la abiria na kikapu chake.

Fundi wa ndege wa pale uwanjani, mtu mzima wa Ndau, mpole hadi anakera, akaja akasimama kando yangu.

"Bi, kitambaa ulichofutia ki wapi?"

Nikamwambia nakwenda kukisuuza.

"Usikitie mai bado. Nipa nikitizame."

Akakitandaza juu ya bawa. Katikati ya chumvi mlikuwa na michirizi myeusi, kama wanja uliovuja. Sikuhitaji kuelezwa. Ribiti iliyolegea hucheza tunduni mwake, ikasaga aluminiamu ikawa unga mweusi, na unga huo huchora mstari juu ya ngozi. Mistari ilikuwapo. Niliifuta mimi, kwa adabu niliyofunzwa na mama. Na hesabu yangu yote ilitegemea ngozi na stringa kuwa zimeshikana.

Tukafungua kifuniko cha ndani. Stringa moja ilikuwa imeachana na ngozi kwa urefu wa ribiti saba, imepinda na ina ufa. Nikakaa papo hapo sakafuni. Fundi akazima tochi, akasema anakwenda kunitafutia maji ya kunywa. Habari ya kitambaa hakuitaja tena, siku ile wala baadaye. Kosa langu nililiandika mwenyewe kwenye ripoti.

Mama aliondoka kesho yake kwa ndege nyingine, akarudi anaona hadi vumbi la juu ya kabati langu. Nikamsimulia yote, hata pale nilipotoa kalamu. Akauliza, "Mamake huyo fundi yu hai?"

Nikasema sijui.

"Kaulize. Nataka nimuombee na mamake pia, aliyemlea hivyo."

Nilivuka kwenda Manda siku ile ile. Tangu hapo, kila baada ya swala, fundi hutajwa kwanza, kisha mamake, kisha mimi. Nami hukaa nyuma ya mama nikiitikia amina, na ile ya kwanza ndiyo ninayoitikia kwa sauti.